Beseni la Mrututu na Siku Kumi za Kungoja

Mjukuu wangu Cherono ameweka chupa ya jemu dirishani, ndani yake maji ya shabu, na kila akitoka shule huiinua mpaka usawa wa macho na kuitikisa kidogo aone kama kuna kitu. Halafu hunijia na uso wa lawama. "Babu, hakuna kitu." Nimemwambia mara tatu kwamba hakuna kitu kwa sababu anaitikisa, na mara tatu amenijibu kwamba anaitikisa kwa sababu hakuna kitu. Ndipo yeye na wenzake wanne wa darasa wakaniomba niwaandikie jinsi ya kukuza fuwele, nadhani kwa kuwa mzee akiandika hawezi kufoka. Wamekosea. Hata kwa kalamu naweza.

Basi sikilizeni. Mimi si daktari wala mwalimu. Nilifanya kazi ya dawa za shamba maisha yangu yote: dawa za kwato za kondoo, za kupe, za viazi. Nilianza miaka ya hamsini kwenye shamba la mzungu mmoja kati ya Molo na Kuresoi, nikiwa karani wa stoo, na nikastaafia Nakuru nyuma ya kaunta ya duka la dawa za wakulima. Neno fuwele nimelijua uzeeni, kwenye vitabu vyenu. Sisi tulisema mrututu umeota meno, na hakuna aliyeuliza maana yake.

Mrututu ni ile dawa ya bluu inayokuja ikiwa mawe mawe, bluu kali kuliko sketi zenu za shule. Kondoo wakioza kwato, tuliuyeyusha kwenye maji, tukayamimina katika birika refu la saruji na kuwapitisha humo mmoja mmoja. Viazi vikipigwa na ukungu, tuliuchanganya na chokaa tukavipulizia. Ni sumu, na ndiyo sababu Cherono nimempa shabu. Nyumbani tumieni shabu, au chumvi, au sukari. Mrututu waachieni wakulima.

Wiki yangu ya kwanza stoo niliuloweka kwenye debe. Nani angenilaumu? Katika shamba lile kila kitu kilifanyiwa kwenye debe, kuanzia kupima mahindi hadi kuoga. Asubuhi nikakuta maji yamepauka na kugeuka kijani, na debe limekuwa jekundu kwa ndani. Nikafurahi, nikidhani limepata rangi nzuri. Kufikia jioni lilikuwa linavuja, na kondoo mia mbili walikuwa kwenye boma wakingoja dawa iliyokuwa inaingia ardhini.

Aliyekuja kunitazama alikuwa Mzee Hezroni. Yeye alikuwa dresa wa shamba, yaani ndiye aliyefunga vidonda vya wafanyakazi na kugawa dawa ya malaria, katika chumba kilichojengwa kwa mabanzi ya mbao kutoka Elburgon. Alikuwa Mluhya, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, aliyefanya kazi katika hospitali za jeshi huko Burma wakati wa vita. Aliinama akachungulia ndani ya debe.

"Karani," akasema, "umejitengenezea chombo cha shaba. Ubaya wake ni kwamba kina tundu."

Akanieleza kwamba ndani ya mrututu mna shaba, na shaba ikikutana na chuma ndani ya maji, chuma huondoka na shaba hukaa mahali pake. Kwa hiyo mrututu hauwekwi kwenye chuma. Uweke kwenye mbao, kwenye kioo, kwenye saruji, au kwenye beseni la enameli ambalo halijabanduka. Siku ile nilijua pia kwamba mtu anaweza kunicheka bila kunidharau, maana alipomaliza kucheka alinisaidia kubeba pipa la mbao mpaka bomani.

Dirisha la chumba chake cha dawa lilikuwa na chupa sita au saba, na katika kila chupa uzi ulining'inia na jiwe dogo mwishoni mwake. Wagonjwa walidhani ni uganga. Yeye aliwaacha wadhani hivyo, kwa sababu mgonjwa anayeogopa chupa hukaa kimya akidungwa sindano. Mimi nilipomuuliza aliniambia kweli: jeshini daktari mmoja alikuwa akikuza shabu kwa kujiliwaza, naye akaiga, na tangu hapo hakuweza kuacha.

Alinifundisha hivi. Nunua shabu, ile ambayo kinyozi humpaka mtu kidevuni akimkata. Chemsha maji kikombe kimoja, tia shabu huku ukikoroga, ongeza na kuongeza mpaka ifike mahali pa kukataa kuyeyuka. Chuja kwa kitambaa kisafi ndani ya chupa ya kioo, funika kwa kitambaa kingine, kisha ondoka. Kesho yake utakuta punje ndogo chini. Chagua moja iliyo nzuri, isiyoshikana na nyingine, uifunge kwa uzi mwembamba. Chemsha yale maji upya na punje zilizobaki, yaache yapoe kabisa, ndipo uning'inize jiwe lako katikati. Ukilitia maji yakiwa bado na joto, jiwe litayeyuka na utabaki na uzi. Mimi nimewahi kubaki na uzi mara nyingi.

Sababu yake si ngumu. Maji ya moto hubeba shabu nyingi kuliko maji ya baridi. Yakipoa, au yakipungua kwa kukauka, mzigo unayazidi, kama akina mama wanaotoka msituni na kuni na kufika kwenye kilima. Lazima watue. Na shabu ikitua haitui ovyo. Hutafuta pale ambapo shabu nyingine imekwisha kukaa, ikajipanga kando yake kwa mstari, na nyingine kando ya hiyo. Ikipewa muda itajipanga vizuri, na utapata jiwe moja kubwa lenye nyuso laini. Ikikimbizwa, kila punje itakaa popote, na utapata unga.

Watoto wa Nakuru mnaujua mfano wake bila kujua. Yale mawe meusi yanayong'aa kama chupa, yanayopatikana pande za Menengai, ambayo mnakatazwa kuchezea kwa kuwa yanakata mkono: hayo ni mawe yaliyoyeyushwa na moto wa chini, kisha yakapoa haraka mno. Hayakupata nafasi ya kujipanga. Ndiyo sababu ukiyavunja huoni punje wala mstari, unaona kioo tu.

Na adui wa kazi hii ni vumbi. Mimi nilipohamia Nakuru nilikaa mwaka mzima nikishindwa kukuza hata jiwe moja la maana, na mkono wangu ulikuwa ule ule. Kumbe kila chembe ya vumbi inayoanguka ndani ya chupa ni kiti kingine, na shabu badala ya kukaa pamoja hutawanyika kwenye viti hivyo vyote. Miaka ile ziwa likikauka, upepo ulileta unga mweupe wa magadi mpaka ndani ya uji. Nikajifunza kufunika kwa vitambaa viwili na kuweka chupa kwenye kabati lisilofunguliwa.

Hata asali ina mambo haya. Kule juu, kwenye baridi, baba mkwe wangu alikuwa akivuna asali ya msituni, ikifika mwezi wa saba inaganda na kuwa punje punje. Wanunuzi wa mjini walimwambia ametia sukari. Yeye hakujua ajibu nini, na mara mbili aliirudisha nyumbani. Asali safi hufanya hivyo yenyewe. Iweke kwenye maji ya vuguvugu na itarudi kama ilivyokuwa. Nimewaambia hili kwa sababu mtu kuitwa mwizi kwa jambo linalofanywa na maumbile ni jambo ninalolifahamu.

Mwenye shamba tulimwita Bwana Mvua. Kila asubuhi, kabla ya salamu, aliuliza mvua ilinyesha kiasi gani. Hakuwa mtu wa kupiga watu, na mshahara wake haukuchelewa, lakini akishaamua jambo alikuwa kama ng'ombe aliyelala njiani. Mwaka wangu wa tatu pale mvua alizoziuliza zilikuja zote kwa pamoja. Paa la stoo likavuja juu ya magunia ya mrututu, na nilipoyafungua nilikuta umelowa na kushikana. Msimu wa kupulizia viazi ulikuwa umekaribia. Mrututu ulioshikana ni taabu kuupima, nami nikafanya kile ambacho mtu yeyote wa Molo angefanya na kitu kilicholowa: nikaupeleka kwenye draya ya pareto.

Draya ni nyumba ndefu yenye tanuri upande mmoja, na maua ya pareto hutandazwa humo kwenye trei moja juu ya nyingine, hewa ya moto ikipita chini yake. Huko kwetu, kwenye baridi na ukungu, palikuwa ndipo mahali pekee pakavu. Watu walikaushia humo mahindi, makoti, hata kuku waliolowa. Siku ile ilikuwa Jumapili na draya haikuwa na maua. Nikatandika magunia kwenye trei za chini kabisa, karibu na tanuri, nikamwaga mrututu wote, nikatia kuni. Nikaona moto ni mdogo, nikatia nyingine. Kisha nikaenda nyumbani kula, nikashiba, nikalala.

Niliporudi alasiri mlango wa draya haukushikika. Ndani, bluu ilikuwa imetoweka. Trei zote zilikuwa na unga mweupe uliopauka, mkavu kabisa, na nilipoushika ulikuwa mwepesi. Niliogopa. Na hapa, vijana, ndipo nilipofanya kosa lenyewe, kwa sababu kuchoma dawa lilikuwa jambo la bahati mbaya. Sikumwambia mtu. Niliukusanya ule unga, nikaurudisha kwenye magunia, nikafunga mdomo wa magunia na wangu, nikitumaini kwamba bluu itarudi yenyewe.

Siku tatu baadaye Bwana Mvua alikuja stoo na nyapara kukagua dawa ya viazi. Akafungua gunia. Akatia mkono, akautoa mweupe. Akaamuru magunia yapimwe, na kila gunia likaonekana limepungua zaidi ya robo.

"Hii hapana mrututu," akasema. "Mrututu iko bluu. Wewe nauza dawa yangu kwa watu ya viazi, halafu naweka chumvi ya ng'ombe ndani. Mimi nadhani wewe mtu mzuri."

Nilisema niliukausha. Akaniuliza mbona sikusema mapema. Chumvi ya ng'ombe ilikuwa kwenye stoo ile ile, magunia kwa magunia, nyeupe vile vile, na ufunguo ulikuwa wangu. Hata mimi ningekuwa Bwana Mvua ningejishuku.

Nyinyi mnasema mtu amemwaga unga akipoteza kazi, na huchekwa kidogo, kisha hutafuta nyingine. Wakati ule kazi ya shamba ilikuwa kazi, na nyumba, na kipande cha kulima, na maziwa. Ukifukuzwa, unaondoka na watu wako siku hiyo hiyo. Mke wangu Tabitha alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza. Mama yangu tulikuwa tunaishi naye, na miguu yake haikuwa ya kutembea mbali. Na juu ya hayo yote mwenye shamba angeandika kwenye karatasi zangu kwamba ni mwizi, na hakuna shamba lingine kutoka hapo mpaka Eldoret ambalo lingenifungulia geti.

Hezroni aliitwa kwa sababu alijua mambo ya dawa. Alichukua unga kidogo kwenye kikombe, akatia maji. Ukageuka bluu papo hapo, na kikombe kikapata joto. Nilidhani nimeokoka.

"Hata kama iko mrututu kidogo na chumvi mingi, maji itakuwa bluu," Bwana Mvua akasema, na kusema kweli alikuwa na hoja.

Hezroni akaitikia kwa kichwa polepole. "Ni kweli, Bwana. Maji hayawezi kutuambia. Lakini mawe yanaweza. Chumvi haikai ndani ya jiwe la mrututu, na mrututu haukai ndani ya jiwe la chumvi. Maji yakikauka taratibu, kila moja litatafuta wa kwao. Kama kuna chumvi, utaiona kwa macho yako. Nipe siku kumi."

"Na kama naona chumvi?"

"Ukimwandikia huyu barua ya kufukuzwa, na mimi niandikie."

Mimi sikumwomba aseme vile. Alikuwa na watoto watano kule Maragoli waliosoma kwa mshahara ule. Bwana Mvua alitazama mawingu, akaona kwamba viazi haviwezi kupuliziwa katika mvua ile hata hivyo, akakubali.

Walipima aunsi kumi na sita za unga wangu mbele ya nyapara, Hezroni akaziyeyusha kwenye beseni pana la enameli, lile la kuogea. Katika beseni la pili akatia mrututu wa bluu, mawe machache yaliyonusurika kwenye kona ya stoo, akachanganya na chumvi ya ng'ombe kwa makusudi, ili Bwana aone udanganyifu unafananaje. Kingo za mabeseni yote mawili alizipaka mafuta ya kondoo, kwa sababu mrututu una tabia ya kupanda ukingoni na kutoroka nje. Akafunika kwa kitambaa chepesi. Kisha Bwana Mvua akayafungia yote katika ofisi yake, juu ya meza kando ya dirisha, akatia ufunguo mfukoni. Aliingia yeye peke yake, asubuhi na jioni.

Kwa hiyo mimi nilibaki kuchungulia. Kila siku saa sita mchana nilipita nje ya lile dirisha nikijifanya naenda kisimani, na kitambaa kilikuwa kile kile, na chini yake kivuli cha bluu kile kile. Siku ya kwanza hakuna. Siku ya pili hakuna. Siku ya tatu Bwana Mvua alitoka ofisini, akanikuta pale na ndoo, akasema tu, "Maji," kisha akaenda zake.

Nikamwendea Hezroni nimejaa hasira. "Mzee, umetia maji mengi mno. Ungetia kidogo, mawe yangetoka usiku wa kwanza."

"Yangetoka," akasema. Alikuwa anafua bendeji. "Yangetoka madogo kama sukari. Bwana angeyashika, aone unga wa bluu, aseme bado ni unga. Yeye anajua mrututu wa mawe. Lazima tumpe mawe."

"Na kama maji hayatakauka kwa siku kumi?"

"Ofisini kuna moto wa kuota. Yatakauka."

"Basi tungechukua jiwe moja la stoo tulitie liwe mbegu. Lingeanza mara moja."

Akaacha kufua. "Karani, ukitia jiwe la stoo, mtu akiuliza jiwe hili limetoka wapi utasema nini? Jiwe la kwanza lazima litoke kwenye unga wako mwenyewe. Na namshukuru Mungu mlango umefungwa, maana naona mikono yako inavyowashwa."

Alinisoma. Nilikuwa na jiwe mfukoni, dogo kama punje ya mahindi, na nilikuwa nimekwisha kuona kwamba dirisha la ofisi halikufungwa vizuri. Nililitoa nikalitupa chini mbele yake. Hakulisema tena jambo lile, siku hiyo wala nyingine, na mimi nalisema leo kwa mara ya kwanza.

Siku ya tano, kupitia kile kitambaa chepesi, niliona nukta nyeusi ndani ya beseni. Nilidhani ni mdudu. Siku ya saba zilikuwa kama maharage, na sikuweza tena kuhesabu. Nilijua mawe yapo, lakini sikujua kama kati yake kuna meupe. Nilijua kwa hakika kwamba sikutia chumvi, na bado niliogopa kuikuta humo. Mtu akishukiwa sana huanza kujishuku.

Siku ya kumi tuliitwa: mimi, Hezroni na nyapara. Bwana Mvua alikuwa amevua kofia. Aliondoa vitambaa mwenyewe.

Katika beseni letu maji yaliyobaki hayakujaza kijiko. Mawe yalikuwa yamejaa chini, bluu iliyoiva, mengine makubwa kama kucha ya kidole gumba, yamekatika kwa mshazari vile mrututu hukatika siku zote. Katika beseni la pili palikuwa na matope ya kijani, na mawe ya bluu machache, na kati yake vijiwe vyeupe vya pembe nne vilivyo sawa kila upande, kama vibweta vidogo. Chumvi ilikuwa imejitenga yote, wazi, mtoto angeiona. Bwana Mvua alichukua kijiko cha mbao akapekua beseni letu mpaka chini. Akapekua tena. Hakupata hata kibweta kimoja.

"Pima," akamwambia nyapara.

Hezroni akakausha mawe kwa kitambaa, taratibu, bila kuyapeleka juani. Zile aunsi kumi na sita zilikuwa zimekuwa ishirini na moja na nusu. Nyapara akapima mara ya pili kwa kuwa hakuamini mizani.

"Hii ingine natoka wapi?" Bwana Mvua akauliza, na safari hii aliuliza kweli.

Nilimjibu mimi, kwa sababu siku kumi zile nilikuwa nimeielewa. "Ni maji, Bwana. Jiwe la mrututu lina maji ndani yake ingawa mkononi ni kavu. Maji hayo ndiyo yanayolishikilia na kulipa rangi. Moto wangu uliyatoa, ndipo uzito ukapungua. Sasa yamerudi."

Alilishika jiwe moja, akaligeuza geuza kwenye mwanga. Nilimwona akipiga hesabu ya magunia kichwani na kuikuta imetimia. Akaliweka chini. "Sawa," akasema. "Kesho nyinyi puliza viazi." Akavaa kofia yake, akatoka, na mlango akauacha wazi.

Hezroni alicheka mpaka akaketi. Mimi nilimshika mikono yote miwili, nikasema asante, nikasema tena asante, mpaka akaniambia nikamwambie mke wangu kabla hajazaa kwa wasiwasi.

Nilikimbia. Nilipofungua mlango nilikuta nyumba tupu katikati. Vyombo vyote vilikuwa vimefungwa ndani ya shuka, magodoro yamekunjwa na kamba, na mama yangu amekaa juu ya kasha amevaa koti la safari. Tabitha alikuwa amefanya yote hayo asubuhi ile nilipoitwa, peke yake, na tumbo lile.

"Tumebaki," nikamwambia. "Fungua. Mawe yametoka yote, hakuna chumvi, uzito umerudi."

Alinisikiliza mpaka mwisho, mawe na vibweta na mizani. Kisha akauliza, "Amekuambia pole?"

"Amesema kesho tupulize viazi."

Tabitha akapiga magoti kwa shida, akafungua fundo moja la shuka, akatoa sufuria moja, vikombe vitatu na blanketi la mama. Fundo akalifunga tena. Nilimwambia afungue na vingine, akasema hivyo vinatosha. Mtoto wetu alizaliwa katika nyumba ile ile, na mzigo ulikuwa bado pale ukutani, na wageni waliokuja kumwona walikunywa chai kwa zamu.

Mwaka uliofuata nilipata nafasi ya kazi Nakuru. Nilikwenda mwenyewe kwa Bwana Mvua kumwambia naondoka. Akashangaa kweli kweli. "Wewe karani mzuri," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia maneno hayo kinywani mwake. "Kwa nini nataka kwenda?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, nimeyarudia njia nzima. Nikamwambia mke wangu amechoka kupika kwa sufuria moja, nikamwekea funguo za stoo mezani.